Mwanangu, nendeni fungate kwanza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, sikufichi. Mara ya pili nilikuwa nimetulia, na ya tatu ndipo nilipoona kwamba umeniuliza maswali na unasubiri majibu. Unasema wewe na mwenzio mmefunga ndoa kwa msajili, mbele ya mashahidi wawili, bila kumwambia mtu. Sasa wiki tatu zimepita na hamjui mshike lipi. Mfanye sherehe, au mmeshachelewa? Fungate iwe kabla ya sherehe au baada yake? Na je, mkiwaita watu sasa, hawatadhani mnawaitia zawadi?

Kabla sijajibu, nikutoe wasiwasi: sina kinyongo nawe. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimeshajiona mara nyingi nimekaa kiti cha mbele nikikutazama ukila kiapo. Lakini ndoa yenu ni ndoa kamili. Mume wako ni mkwe wangu tangu mlipotia sahihi, na hakuna sherehe itakayomfanya awe mkwe zaidi ya hapo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia sawasawa. Mimi na baba yako nasi tulitoroka. Shahidi wetu mmoja alikuwa rafiki yangu, na wa pili ni karani tuliyemwomba atoke chumba cha jirani. Tulipowaambia wazazi, mama yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi tutakula lini?" Tukamjibu kwamba mwakani, tukipata nafasi, tutafanya sherehe ndogo. Tulikuwa tunasema kweli. Mwaka uliofuata nikashika mimba ya kaka yako. Uliofuata tukawa na madeni. Halafu ikawa tunaona haya, maana utawaambiaje watu waje kusherehekea ndoa yenye watoto wawili?

Bibi yako alipofariki, mimi ndiye niliyefungua sanduku lake la nguo. Chini kabisa nilikuta kitambaa cha zambarau iliyokoza, kimekunjwa mara nne, hakijakatwa. Ndani yake palikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wake: bega, kifua, kiuno, urefu. Vilikuwa vipimo vyake mwenyewe vya gauni. Juu ya vipimo alikuwa ameandika "sherehe ya mwanangu" na mwaka. Ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yetu. Alikinunua baada ya ahadi yetu, akakiweka, na hakuniuliza tena hata siku moja.

Kwa hiyo la kama mmechelewa, jibu ni kwamba hamjachelewa. Ila wekeni tarehe. Ukumbi, chakula na nguo vitafuata. Kaeni wiki hii hii, wewe na mwenzio, mchague siku ndani ya miezi mitatu ijayo, muiandike.

Kisha nendeni fungate kwanza. Wengi watakushauri kinyume, kwamba muwatulize watu kwanza ndipo mpumzike. Mimi sikubaliani nao. Wiki hizi tatu mmeishi na siri, mkipima kila neno mnalosema kwenye simu. Mkiingia moja kwa moja kwenye maandalizi ya sherehe, mtatoka kwenye hofu ya siri mkaangukia kwenye hofu ya wageni, na nyinyi wenyewe hamjapata hata siku moja ya kutazamana mkasema, "Hivi kweli tumeoana."

Nawakumbuka Elizabeth Barrett na Robert Browning, wale washairi wa Uingereza. Walifunga ndoa London tarehe 12 Septemba 1846. Mashahidi walikuwa mtumishi wa Elizabeth na binamu yake Robert. Kanisani bibi harusi alitoka akarudi nyumbani kwa baba yake, akaendelea na maisha kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa na miaka 40, mtu mzima kuliko wewe, na bado alimwogopa mzee. Wiki nzima alikaa na siri ile ndani ya nyumba ile. Tarehe 19 ndipo walipoondoka kwenda Ufaransa, kisha Italia, na hatimaye wakahamia Florence. Huwa naifikiria sana ile wiki moja: mke wa mtu, anakula mezani kwa baba yake, mume yuko mtaa mwingine. Baba hakumsamehe mpaka alipokufa mwaka 1857. Barua za mwanawe alizirudisha bila kuzifungua.

Ndiyo maana nakuuliza: mwenzio ameshawaambia wazazi wake? Kama bado, waambie kabla hamjapanda chombo chochote. Wapigie simu, au bora zaidi, nendeni mkae mbele yao. Picha isitangulie kwenye mtandao wakaja kuambiwa na jirani. Mzazi anaweza kusamehe kutoalikwa. Kujua habari za mwanawe kutoka kwa mtu baki humkaa moyoni miaka.

Umeniuliza fungate iwe ndefu kiasi gani. Fungate ni siku saba, ndivyo neno lenyewe linavyosema tangu zamani, na mimi naona saba zinatosha. Mkiwa na likizo fupi msijitese na safari ya nchi tatu, mkarudi mmechoka kuliko mlivyoondoka. Chukueni siku saba sasa, mahali pamoja. Ile safari kubwa mnayoiota ipangieni kumbukumbu ya mwaka wa kwanza, mkiwa mmeweka akiba. Watu waliotoroka wana bahati hiyo. Hakuna aliyewapangia ratiba, na fedha ambazo zingeishia kwenye mapambo ya ukumbi bado mnazo mkononi.

Na msidhani lazima iwe ufukweni. John Lennon na Yoko Ono walifunga ndoa ya haraka Gibraltar tarehe 20 Machi 1969, halafu wakaenda hotelini Amsterdam, wakakaa kitandani tangu tarehe 25 hadi 31, wakiwaita waandishi wa habari waje kuwasikiliza wakihimiza amani wakati wa vita vya Vietnam. Hesabu siku hizo: saba kamili. Nyinyi msiwaite waandishi, lakini hilo la kukaa kitandani siku saba, chumba kizuri, simu zimezimwa, nalipenda.

Kwa kuwa nakujua hupendi kukaa, nina wazo jingine. Huko Hispania kuna njia ya mahujaji iendayo Santiago de Compostela. Wengi huanzia mji wa Sarria, ambako zimebaki kilomita zaidi kidogo ya 100, wakatembea siku tano au sita, kila jioni wanalala kijiji kingine. Mkitembea pamoja siku zote hizo mtajuana: nani hununa akiwa na njaa, nani hubeba mzigo wa mwenzake bila kuombwa. Fungate ya namna hiyo mtaikumbuka hata mkiwa wazee. Mkiamua kwenda huko au nchi nyingine yoyote, anzeni na pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe bado na miezi 6 kabla ya kuisha muda wake. Viza ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwamo, huombwa mapema, unaruhusiwa kuanza miezi 6 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua siku 15, wakati mwingine zaidi. Na jambo ambalo maharusi wengi hulisahau: tiketi lazima iwe na jina lililo kwenye pasipoti. Kama unataka kuchukua jina la mumeo, subiri mrudi. Bebeni na nakala ya cheti cha ndoa.

Mkirudi, ndipo sherehe. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu nina wazo ambalo sikulipata kwa kubuni.

Miaka ya mwanzo ya 1800, watu wenye nafasi huko Uingereza walipoanza desturi ya safari ya baada ya harusi, haikuwa ya kujificha wawili. Ilikuwa ziara. Maharusi walipita kwa ndugu na marafiki ambao hawakuweza kuhudhuria ndoa, wakawasalimu, wakala nao. Wakati mwingine hata jamaa walifuatana nao njiani. Hii ya kwenda kujitenga ndiyo iliyoshika baadaye. Basi nilipolijua hilo nilikufikiria wewe. Ndoa yako haikuhudhuriwa na mtu, kwa hiyo kila ndugu yako ni yule aliyeshindwa kufika. Mwaweza kuwapitia.

Badala ya kukodi ukumbi na kuita watu mia mbili, fanyeni ziara. Mwezi mmoja, kila mwisho wa wiki nyumba moja au mbili. Shangazi zako, mjomba wako, babu yake mumeo ambaye hawezi tena kusafiri, mwalimu aliyekulea. Nendeni na picha za siku ile zilizosafishwa, za karatasi, siyo za kwenye simu, kwa sababu picha ya karatasi mtu huishika, huigeuza, huuliza "huyu ni nani?" na hapo hadithi inaanza. Kila nyumba iachieni picha moja. Mzee ambaye ukumbini angekushika mkono sekunde mbili akapitishwa, nyumbani kwake atakaa nanyi saa tatu na kuwapa maneno aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya siku hiyo.

Halafu mmalize na kikao kimoja kidogo, watu ishirini, thelathini wakizidi sana, hapa kwetu au kwa wakwe. Ile tarehe mliyoiandika iwe ndiyo hii.

Kwenye mwaliko semeni wazi: "Tumeoana, karibuni mtupongeze." Msiandike "harusi yetu," maana mtu atakuja akitarajia kuona ndoa ikifungwa, akikuta imefungwa zamani atajiona amedanganywa. Chini yake ongezeni mstari mmoja kwamba hampokei zawadi wala michango. Basi, swali lako la zawadi limekwisha. Atakayeleta, mpokeeni kwa shukrani, na mumwandikie.

Msirudie ndoa. Sitaki msajili wa kuigiza, wala kuingia kwa mwendo wa pole watu wakijifanya hawajui. Lakini viapo vyenu mnaweza kuvisoma tena, na ningependa sana mvisome, mkisema wazi kwamba ndivyo mlivyoahidiana siku ile. Mimi sikuvisikia. Mama mkwe wako hakuvisikia. Mashahidi wenu wawili wapeni nafasi ya kwanza ya kuzungumza, maana wao peke yao ndio walioona. Waeleze mvua ilinyesha au jua lilikuwa kali, nani alitetemeka mkono wakati wa sahihi, mlicheka wapi. Mambo madogo madogo kama hayo ndiyo tuliyoyakosa sisi.

Na wapeni watu kazi. Aliyekosa kukupamba akupambe siku hiyo. Baba yako hatasema, lakini najua alitaka kukushika mkono akakuingiza mahali. Muombe. Hata kama ni kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, muombe.

Atakuwapo mmoja wa kulaumu, hakosekani. Akianza, usijieleze sana wala usiombe radhi kwa kuolewa. Mwambie, "Nilikukumbuka siku ile, ndiyo maana nimekuita leo." Kama si kweli kwamba ulimkumbuka, mwambie hiyo sehemu ya pili tu.

Nguo niliyokuwa nimekuwekea nia ya kukununulia, sitainunua. Vaa ile ile uliyoivaa kwa msajili, hata kama ni ya kawaida, nataka niione. Kuhusu nguo yangu usihangaike. Jana nilikipeleka kitambaa cha bibi yako kwa fundi. Amekinyoosha mezani, akaniuliza kama kuna sehemu iliyoliwa na nondo, tukakikagua wote wawili kwa mwanga wa dirishani, hakuna. Nilimpa na ile karatasi ya vipimo. Bega langu na la mama yangu ni sawa sawa, kiuno ndicho amekiongeza. Anauliza gauni liwe tayari lini.

Niambie tarehe.

Mama yako