Vitabu vya intaneti: nianzie wapi?

SWALI: Mhariri habari, mi nashinda mtandaoni siku nzima sasa nataka kusoma wasomi wanasemaje kuhusu haya mambo, ila kitabu cha kwanza nilichoshika nililala ukurasa wa tano. Nisaidieni.

JIBU: Pole, haujalala peke yako, hawa maprofesa wakianza na nadharia hata wenyewe nadhani wanasinzia. We anza na Limor Shifman, kitabu chake cha 2014 kuhusu memu (zile picha na vichekesho watu wanavyosambaza na kugeuzageuza mtandaoni), chembamba kabisa, na humo ndo utaona neno lenyewe halikuzaliwa mtandaoni, Richard Dawkins alilitunga 1976 akiongelea jinsi mawazo yanavyorithishwa, yeye mtu wa baiolojia!

Ukishachangamka nenda kwa Safiya Noble, kitabu chake cha 2018 kuhusu mitambo ya kutafutia. Huyu alitafuta maneno ya kawaida tu kuhusu wasichana weusi kwenye Google akaletewa ponografia, basi kutoka hapo anakuonyesha kwamba yale majibu hayaji yenyewe, kuna biashara ya matangazo na kuna watu wameamua kipi kikae juu, na kwa kweli ukimaliza hutaangalia kisanduku cha kutafutia kama zamani.

Lawrence Lessig na kitabu chake cha 1999 naye yumo, mwanasheria, hoja yake ni kwamba msimbo wa programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini, unatuongoza kama sheria tu. Shoshana Zuboff, anayeandika jinsi kampuni zinavyovuna taarifa zetu mtandaoni kupata faida, muache kwanza, kitabu kinene kile, kinataka likizo.

Halafu soma utangulizi na sura ya mwisho kabla ya katikati, si dhambi, hata wanafunzi wao hufanya hivyo.