Soma mpaka mstari wa limfosaiti

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara ya damu hapa Mwanza, nianze na kosa langu mwenyewe. Binti mmoja alivuka na kivuko kutoka Ukerewe: viungo vinauma, nywele zinanyonyoka, homa keshaitibu kama malaria mara tatu. Mashine ikatoa chembe nyeupe 4,300. Zimo kwenye kiwango, nikasaini. Mistari michache chini limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zilikuwa 600, chache mno, wala sikushuka kuzitazama. Aliporudi miezi kadhaa baadaye uso umevimba, miguu inabonyea. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humshambulia mwenyewe, na figo zilishaathirika.

Kwenye lupasi limfosaiti hupungua kwa sababu mwili hutengeneza kingamwili (protini za ulinzi) za kuzishambulia, na nyingi hufa kabla ya wakati. Zinazobaki ndizo korofi: seli B, kundi mojawapo la limfosaiti, huzidi kutengeneza kingamwili dhidi ya viini vya seli za mwenye mwili. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza vijidudu, nazo hupasuka na kumwaga DNA yao nje mfano wa nyavu (nyavu hizi hazivui dagaa), na uchafu huo huwasha moto upya. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake, kule Marekani, waliona kwenye uboho wa wagonjwa wa lupasi nyutrofili iliyomeza kiini cha seli nyingine. Ugonjwa huu ulianza kupimika kwa jicho na hadubini, kwa hiyo msiidharau slaidi.

Ila msikimbilie kuandika lupasi. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, hata malaria hushusha limfosaiti. Prednisoloni, dawa ya steroidi, huzishusha kwa saa chache tu huku ikipandisha nyutrofili, na watu huinunua dukani kama pipi. Muulize mgonjwa amemeza nini. Eosinofili, chembe nyeupe za aina nyingine, zikijaa, ukanda huu wa ziwa fikiria kichocho kwanza. Nyutrofili chache peke yake zisikutishe: Waafrika wengi wazima kabisa wanazo chini ya viwango vilivyopangwa Ulaya.

Mimi sasa nikikuta limfosaiti chini ya 1,000 natengeneza slaidi, nahesabu chembe 100 kwa mkono, kisha nampigia daktari simu kabla karatasi haijatoka. Naomba sampuli nyingine baada ya wiki chache, na mkojo upimwe protini siku hiyohiyo, kuona kama figo zinavuja. Siku ya yule binti vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa kabatini, hatua tano kutoka kwenye mashine.