Maswali yenu ya doping: mchezaji anaumia, klabu inapeta

Meseji ni nyingi na nusu yake zinauliza kitu kilekile, kwa hiyo nyingine nimeziunganisha. WADA (shirika la dunia la kupambana na doping, yaani dawa zilizokatazwa michezoni) linafanya nini na kwa nini wachezaji wanapimwa mkojo, hayo sielezi, mnayajua.

Timu imetufunga, baada ya wiki kadhaa tunasikia mchezaji wao kakutwa na dawa. Kwa nini hatupewi pointi?

Kwa sababu kanuni haisemi hivyo, na hili swali linarudi kila mara kama vile sijawahi kulijibu. Kwenye michezo ya timu, timu inaadhibiwa pale wachezaji ZAIDI ya wawili wanapothibitika kuvunja sheria ndani ya mashindano hayohayo. Yaani kuanzia watatu. Wakikutwa wawili, timu inasakamwa kwa vipimo vya ziada tu.

Mfano mnaupenda wenyewe, Septemba 2015, Dinamo Zagreb 2 Arsenal 1, Ligi ya Mabingwa. Kiungo wa Dinamo, Arijan Ademi, alipimwa baada ya mechi akakutwa, UEFA (shirikisho la soka la Ulaya) wakamfungia miaka 4, baadaye mahakama ya michezo CAS ikamshushia. Matokeo? Yakabaki 2-1. Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, alilalamika sana na mimi nipo naye kabisa, maana mkimbiaji wa mita 100 akikutwa anavuliwa medali, ila kwenye mpira pointi zinabaki kwa timu iliyofaidika na miguu ya huyohuyo mtu.

Waliowahi kuvuka huo mstari ni Korea Kaskazini, Kombe la Dunia la wanawake 2011. Walikutwa wawili, FIFA wakaamua kupima timu nzima, wakapatikana wengine watatu, jumla watano, wote steroidi (dawa za kujenga misuli). Utetezi wao ni kwamba wachezaji walipigwa na radi kambini wakatibiwa kwa dawa ya kienyeji yenye tezi za mnyama paa. Wakapigwa faini ya dola 400,000 na wakazuiwa kushiriki Kombe la Dunia la 2015. Kwa hiyo adhabu ya timu ipo, ila mpaka uifikie inabidi ujitume kweli.

Kaka, Pogba si alifungiwa miaka 4? Mbona yuko Monaco?

Rufaa. Huyu ni kiungo Mfaransa aliyekutwa na dawa akiwa Juventus. CAS, Oktoba 2024, miaka 4 ikawa miezi 18 kwa sababu waliona hakukusudia, alitumia virutubisho alivyoandikiwa na daktari wa Marekani. Tafadhali msome habari mpaka mwisho, kichwa cha habari peke yake hakitoshi.

Ila kuna kitu hamkiulizi. Siku ile anapimwa, Agosti 2023 dhidi ya Udinese, Pogba hakugusa mpira, alikaa benchi mechi nzima. Ukiwa kwenye kikosi cha siku hiyo unapimwa, usijidanganye kwamba kukaa benchi ni kinga.

Akifungiwa, klabu inaendelea kumlipa mshahara?

Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Inategemea mkataba na sheria za nchi, lakini mara nyingi mshahara unakatwa au unasimama, na klabu ikitaka kuvunja mkataba inayo sababu mkononi. Juventus walikatia Pogba mshahara mpaka kiwango cha chini kabisa, na hata baada ya kushinda rufaa hawakumtaka tena, Novemba 2024 wakaachana naye.

Na huyo ana bahati. Muulizeni Adrian Mutu, mshambuliaji wa Romania. Chelsea walimnunua 2003, 2004 akakutwa na kokeni, Oktoba mwaka huohuo wakamfukuza, FA (chama cha soka cha England) ikamfungia miezi 7. Miezi 7 inapita, sio? Chelsea wakamdai fidia, wakasema wewe ndiye umevunja mkataba, rudisha hasara ya pesa tuliyokununulia. FIFA wakaamua alipe euro milioni 17 na ushee. Akaenda CAS 2009, akapigwa chini. Akaenda mpaka mahakama ya haki za binadamu Strasbourg, 2018 nako akapigwa chini. Katikati hapo FIFA wakajaribu kuwabebesha deni hilo Juventus na Livorno, timu alizoenda baadaye, CAS ikazitoa zote mbili 2015, akabaki nalo peke yake.

Leo kokeni ina kanuni nyepesi. Kuanzia 2021 mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mechi na haikuhusiana na kucheza, anapata miezi 3, na akikubali kwenda kutibiwa inashuka mpaka mwezi 1. Sawa, nzuri, mtu mwenye uraibu anahitaji matibabu. Lakini hiyo ni adhabu ya kimichezo tu, mkataba wake uko palepale na klabu bado inaweza kumshika shati. Mawakala wengi hawawaambii vijana hili, wanawaambia "ni mwezi mmoja tu".

Nikivuta bangi wikiendi ambayo hatuna mechi kuna shida?

Bangi imekatazwa siku ya mechi, na siku ya mechi inaanza saa 5:59 usiku wa jana yake. Ila mwili hauna kalenda, inakaa kwenye mkojo siku nyingi, kwa hiyo acha kupiga hesabu.

Nina mafua na mke wangu ana dawa zake nzuri za kifua, naweza kumeza kidogo kabla ya mechi?

Wewe unataka kuniua kwa presha. HAPANA. Kolo Touré, beki wa Manchester City wakati huo, alimeza vidonge vya mke wake vya kupunguza mwili, 2011, miezi 6 nje. André Onana, kipa wa Ajax wakati huo, alimeza dawa ya mke wake akidhani ni ya kichwa kumbe ina furosemide (dawa ya kukojoza, imekatazwa), akapewa mwaka, CAS wakaacha miezi 9, na UEFA wenyewe walikubali hakuwa na nia ya kudanganya. Papu Gómez, bingwa wa dunia na Argentina, alisema alikunywa sirapu ya mtoto wake, miaka 2. Miaka miwili kwa sirapu ya kikohozi.

Sheria iko hivi, kilichomo mwilini mwako ni chako, awe amekupa daktari, mke au kocha. Ukiwa unaumwa kweli unaomba kibali cha matibabu KABLA ya kumeza. Na daktari wa timu akikupa kidonge usichokijua muulize jina la dawa uliangalie kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, maana siku ikilipuka klabu itatoa taarifa ya mistari mitatu kwamba "inafuatilia suala hili kwa karibu" halafu kimya.

Si bora akatae tu kupimwa?

Kukataa ni miaka 4. Rio Ferdinand, beki wa Manchester United na England, hata hakukataa, alisema alisahau kipimo cha mazoezini 2003, miezi 8 nje na Euro 2004 akaiangalia kwenye TV. Linganisha na Manchester City, walioshindwa kutoa taarifa sahihi za wachezaji wao wako wapi ili wapimwe, mara tatu, wakapigwa faini ya pauni 35,000 mwaka 2017. Pauni elfu thelathini na tano, City!

Aliyefungiwa anaweza kuhamia ligi nyingine au kucheza mechi za hisani?

Hapana na hapana. Adhabu inamfuata dunia nzima na kwenye michezo yote. Mazoezi na timu anaruhusiwa miezi 2 ya mwisho, au robo ya mwisho ya adhabu, ile iliyo fupi. Akikamatwa anacheza kinyemela anaongezewa muda sawa na ule aliofungiwa.

Na wapimaji wakikosea nani analipa?

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Mamadou Sakho, beki wa Liverpool, 2016 alisimamishwa na UEFA kwa kidonge cha kupunguza mafuta, akakosa fainali ya Europa League dhidi ya Sevilla, Ufaransa ikaenda Euro ya nyumbani kwake bila yeye. Julai UEFA wakafuta kesi, haikuwa wazi kama hiyo kitu imo hata kwenye orodha. WADA nao wakaendelea kumsema vibaya, akawashtaki, 2020 wakaomba radhi na kumlipa. Kwa hiyo analipwa mwenye hela ya mawakili na uvumilivu wa miaka minne.

Sampuli wanazitunza muda gani?

Mpaka miaka 10, na wanaruhusiwa kuzipima upya. Kwa hiyo wale wa "sisi zamani hatukukamatwa" punguzeni kelele kidogo.