Nilijua nahau mia za Kiingereza, na moja ikaniaibisha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kila siku natazama video za nahau za Kiingereza, lakini wenye lugha wakianza kuongea naachwa njiani. Nifanyeje?" Ujumbe huo umenitonesha kidonda.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni, na pendekezo nililoliandaa kwa wiki mbili. Mwenyekiti, Mmarekani, akasema: "Let's table this." Nikafurahi. Video za Waingereza zilinifundisha kwamba hiyo ni kuileta hoja mezani ijadiliwe. Nikaanza kumwaga maelezo, ukurasa kwa ukurasa. Mmoja akacheka, mwingine akazima kamera. Kumbe kwa Mmarekani, maneno hayo hayo ni kuiweka hoja kando. Kile kicheko nakisikia hadi leo.

Na nilikuwa nimeshatazama mamia ya zile video za "nahau 50 kwa dakika 10"! Nilijua "raining cats and dogs" ni mvua kubwa kunyesha, nahau ambayo wenyewe siku hizi huisema kwa nadra. Nilijua "kick the bucket" ni kufa, ila hakuna aliyenionya kwamba ni ya mzaha, haitamkwi mbele ya wafiwa. Mgeni anaweza kukariri kwamba kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Nani atamfundisha aambiwe nani, na kwa sauti gani?

Nikaachana na orodha. Nikahamia kwenye mahojiano na mazungumzo ya kawaida, maandishi ya Kiingereza yakiwa chini ya picha, kasi nimeishusha hadi 0.75. Nahau ikipita, narudisha nyuma. Daftarini naandika sentensi nzima, nani kamwambia nani, na msemaji ni wa nchi gani. Mbili kwa siku, basi. Kwa anayeanza, vipindi vifupi vya The English We Speak vya BBC vinafaa, maana huishika nahau ndani ya mazungumzo.

Ndugu zangu, acheni kukusanya nahau kama stempu! Sikilizeni watu. Rudisheni nyuma, msikilize tena.

Mwezi uliopita, katika kikao chenye Waingereza na Wamarekani, neno lile likatokea tena. Safari hii niliuliza: "Tujadili sasa, au tuahirishe?" Wawili wakajibu kwa pamoja, kila mmoja lake.