Utamaduni wa kampuni ni nini hasa?

Ndugu yangu, umeuliza kama utamaduni wa kampuni ni zile sare na kaulimbiu za ukutani. Hizo ni sehemu ya juu tu. Edgar Schein, mwanazuoni wa Marekani, alitofautisha yanayoonekana, maadili yanayotangazwa, na imani za ndani ambazo wafanyakazi huzifuata bila hata kuzitaja. Hizi za mwisho ndizo zenye nguvu. Katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, karani mgeni akigundua uzito uliokosewa kwenye hati ya mzigo, na wenzake wakamnong'oneza anyamaze kwa kuwa bosi hapendi kusahihishwa, huo ndio utamaduni wa pale, hata kama ukutani pameandikwa "Uwazi". Kwa maoni yangu, wa kuanza kuubadilisha ni bosi mwenyewe, kwa kumshukuru karani huyo mbele ya wote.