Tisa kwa meza moja? Haikai

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya kushona yunifomu za shule hapa Morogoro, mafundi tisa, cherehani za umeme zile kubwa. Kila siku malalamiko, huyu shingo yule mgongo, kuna dada mfupi kaweka tofali chini ya mguu wa kushoto na kuna kijana mrefu akishona utadhani anasujudu. Nataka nichongeshe meza na stuli mpya zote kwa mpigo. Nimewapima urefu wote, nikajumlisha nikagawa kwa tisa, imekuja sentimita 163. Nimpe seremala hiyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, na hela ya advansi usitoe kwanza. We mwenyewe fundi, mteja akija kushonesha suruali unamuuliza ana urefu gani toka utosini? Si unapima kiuno, nyonga, paja, ndani ya mguu? Sasa kwenye meza umekuwaje. Afu jiulize, ungeshona suruali tisa za kipimo cha wastani, ni wangapi zingewakaa?

Hili swali jeshi la anga la Marekani walishalipata. Mwaka 1950 walikuwa wanapima marubani wao maelfu kwa sababu chumba cha rubani kilichorwa kwa mtu wa wastani, na kijana mmoja pale, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 vya marubani 4,063 akatafuta ni nani aliye wa wastani kwenye vyote kumi, na hakubana sana, ukiwa kwenye ile asilimia 30 ya katikati anakuhesabu. Hakupata hata mmoja. Sifuri. Mwenye mikono ya wastani ana miguu mirefu, mwenye miguu ya wastani kifua kipana. Ndo wakahamia kwenye viti vya kusogezwa na pedali za kusogezwa.

Kwako vipimo vya muhimu ni viwili, mtu akiwa amekaa na viatu vyake vya kazini. Toka sakafuni hadi nyuma ya goti, hicho ndo kimo cha stuli. Toka kwenye stuli hadi kwenye kiwiko, mkono ukiwa umeuacha uning'inie kisha ukaukunja, jumlisha na kile cha kwanza, umepata kimo cha kiwiko. Tuseme yule dada ni 38 na 22, kiwiko chake kipo 60, na kijana 46 na 26, yeye 72. Tofauti sentimita 12 na wote wanashona yunifomu ile ile! Na kushona ni kazi ya macho, ndo maana mtu anainama aione sindano, kwa hiyo meza ipande juu ya kiwiko kama sentimita 5 hivi.

Ungekuwa unaniuliza ofisi ningesema weka meza ya mrefu, mfupi mpandishe kiti umpe kibao cha kukanyagia, yaishe. Ila cherehani ina pedali, ukimpandisha dada kwenye stuli pedali inabaki kule chini, na ndo maana tofali lake liko mguu mmoja tu, ule mwingine unafanya kazi. Kwa hiyo kabla ya seremala, inama uchungulie miguu ya hizo stendi zako. Nyingi zina tundu refu lenye bolti za kupandisha na kushusha meza, tatizo bolti zimeshika kutu, vumbi la nyuzi na oili hadi watu wanadhani ni chuma kimoja. Spana na mafuta ya taa, jioni moja unamaliza. Stuli ndo uchongeshe, za vimo vitatu, 38, 42 na 46, kila mtu achukue yake. Kama wana shifti na wawili wanatumia mashine moja, hapo nunua stuli za kuzungusha zipande na kushuka.

SWALI: Mzee shikamoo, mie mwalimu Dodoma. Tumejenga jiko la kisasa, kaunta sentimita 90 na jiko la gesi juu yake, nikisonga ugali bega linawaka moto. Fundi kakosea?

JIBU: Marahaba mwalimu. Simama na ndala zako za jikoni upime kiwiko toka chini, tufanye ni 100. Kaunta 90, jiko 10, sufuria 15, mdomo wa sufuria uko 115 na we unasukuma mwiko toka juu ya kiwiko, bega lisiwake kwa nini? Kazi ya nguvu inataka ikae chini ya kiwiko sentimita 15 au zaidi. Jengesha kipande cha pembeni kimo cha 60 uhamishie gesi hapo, na usipande kigoda karibu na sufuria inayotokota tafadhali. Fundi hajakosea sana, ile 90 ya kukatia mboga inakufaa, iache.