Maswali na majibu: Muda wa fundi anayefundisha unalipwa na nani?

Barua za safari hii zimejaa spana na randa. Karibu zote zinahusu uanagenzi: kijana kujifunza kazi kwa fundi huku akiifanya, na namna mtaa, chuo na halmashauri wanavyoweza kushikana mikono ili wanagenzi waongezeke. Nimechagua sita.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne, matokeo si mazuri. Fundi wa gereji anataka laki tatu ili amfundishe. Inakuwaje mtu alipe ili akafanye kazi? – Mzazi, Morogoro

Mzazi mwenzangu, ada yenyewe siioni kuwa dhuluma. Fundi anayemsimamia mgeni kazi zake zinachelewa, boliti ikikatika ni gharama yake, na mteja akija juu anayetukanwa ni yeye. Ninachokiogopa ni ada isiyo na mpaka. Kijana analipa, halafu mwaka unakwisha akiosha vipuri kwa petroli na kutumwa chapati. Siku akiuliza lini atafungua injini, anaambiwa ana kiherehere.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, kaeni chini na fundi. Atafundisha kwa muda gani? Miezi ya mwanzo kijana atagusa kazi zipi: oili, breki, matairi? Lini ataingia kwenye giaboksi na injini? Nauli na chakula ni juu ya nani? Na akianza kuingiza hela pale gereji, naye atapata nini? Majibu yaandikwe, wasaini fundi, kijana na wewe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ada itoe kwa awamu: sehemu akianza, sehemu akishaweza kazi mliyoitaja, iliyobaki akimaliza. Fundi mwenye nia ya kufundisha hatakasirika. Anayetaka zote siku ya kwanza na hataki kuandika, muage kwa heshima.

Serikali ilitoa Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi mwaka 2017, nao unataka makubaliano ya namna hiyo. Gereji nyingi hazijawahi kuuona. Karatasi ya daftari yenye sahihi tatu inatosha kuanzia.

Jambo la pembeni: usimpeleke gereji kama adhabu ya kufeli. Magari ya sasa yanapimwa kwa kompyuta, na hesabu alizozikimbia shuleni atazikuta humo humo.

Kila mwaka chuo kinaniletea wanafunzi wa fildi. Wanakaa wiki chache, wanaharibu mbao, wanasainiwa daftari, wanaondoka. Sasa naambiwa nishiriki kwenye "ubia wa uanagenzi". Mimi napata nini? – Fundi samani, Keko, Dar es Salaam

Fundi, swali lako ndilo linaloangusha mipango mingi, kwa sababu kwenye semina haliulizwi. Pale juu ya meza chuo kinahesabu wanafunzi, mfadhili anahesabu vyeti, halmashauri inahesabu vijana "waliofikiwa". Muda wako hauhesabiwi na mtu.

Fildi na uanagenzi havifanani, na tofauti kubwa ni muda. Mgeni wa wiki nane kwako ni hasara tupu: anaondoka siku anayoanza kupiga randa bila kuacha mawimbi. Mwanagenzi wa miaka miwili au mitatu anakula muda wako mwanzoni, kisha anaurudisha. Mwaka wa mwisho anapiga kitanda peke yake wakati wewe umekwenda kuchukua oda nyingine. Ujerumani, ambako mfumo huu umeota mizizi, kijana huwa kazini siku nyingi za juma, na siku moja au mbili yuko shule ya ufundi. Mafunzo kwa kawaida hufika miaka mitatu, na mtihani husimamiwa na chemba ya mafundi au ya wafanyabiashara, yaani watu wanaoijua kazi. Kampuni za kule hazifanyi hivyo kwa huruma. Zinamlea mtu ambaye baadaye zitamhitaji.

Hapa kwetu mbegu ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imeendesha mafunzo pacha ya namna hiyo kwa kushirikiana na Chemba ya Mafundi ya Hamburg, mji wenye udugu na Dar es Salaam tangu 2010, katika fani kama umeme, ufundi magari na hoteli. Kwenye hoteli pia, Chuo cha Taifa cha Utalii kiliingia na waajiri, chama cha wafanyakazi na Shirika la Kazi Duniani katika mpango wa kijana kupishana kati ya darasa na jiko halisi. Lakini hoteli kubwa ina ofisa rasilimali watu. Wewe una kibanda, vijana wawili na oda ya kabati inayodaiwa Ijumaa.

Basi ukiitwa kwenye ubia, nenda na masharti yako. Kwanza, kijana akae kwako si chini ya mwaka. Pili, umchague mwenyewe baada ya wiki mbili za majaribio. Tatu, mbao za kujifunzia zitoke chuoni au kwa mwenye mpango, maana haiwezekani kijana ajifunzie kwenye mninga wa mteja. Nne, ulipwe kitu kwa kufundisha, hata kama ni kidogo, au upewe kitu cha thamani hiyo hiyo, kama kutumia mashine ya chuo Jumamosi. Wakikataa yote manne, wanachokitaka kwako ni saini yako tu.

Nina nyumba ya wageni yenye wafanyakazi kumi na wawili. Nalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Narudishiwa nini? – Mfanyabiashara, Bagamoyo

Moja kwa moja, hurudishiwi. Tozo hiyo, maarufu kama SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi, na mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Sehemu tu ya fedha hizo ndiyo inayofika kwenye mafunzo ya ufundi. Mimi ningependa mwajiri anayelea wanagenzi kwa mkataba apunguziwe kiasi, na chama chenu cha wafanyabiashara kingelibeba hilo kila wakati wa bajeti. Kwa sasa, kitu unachoweza kudai ni sauti: nenda kwenye chuo cha VETA kilicho karibu, uwaambie ni ujuzi gani wahitimu wao wanakujia bila kuwa nao. Unakichangia, una haki ya kukisema.

Mimi ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Vijana ni wengi, bajeti sina. Nianzie wapi? – Sengerema, Mwanza

Ndugu yangu, anza na mafundi. Orodha ya vijana wasio na kazi unayo tayari, na kila anayekuja na mradi anakuomba hiyo hiyo. Orodha ambayo sijaiona kwenye ofisi ya kata ni ya mafundi wanaoweza kufundisha. Tembea uiandike mwenyewe: mafundi cherehani, wachomeleaji, mafundi wa injini za boti, wa pikipiki, waashi. Usiwaulize kama wako tayari, kwa kuwa wote watasema ndiyo wakisikia neno mradi. Waulize ni nani alijifunza kwao na sasa ana kibanda chake, kisha nenda kwenye kibanda hicho ukahakikishe. Fundi aliyezalisha mafundi ni chuo tayari. Mwenye mikono mizuri lakini hajawahi kumwachia mtu kazi, mwache aendelee na kazi yake.

Kila fundi mpe wanagenzi wawili, basi. Najua mkuu wako atataka idadi kubwa ya kupeleka kwenye ripoti. Ukimrundikia fundi mmoja vijana kumi, wanane watakuwa watazamaji.

Darasa usilijenge. Nchi ina vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, na VETA inaendelea kujenga vyuo vya wilaya. Omba siku moja kwa juma ya mambo ambayo mtaani hayafundishwi: kusoma mchoro, vipimo, usalama, kupiga hesabu ya gharama na kumwandikia mteja bei. Mafundi wetu wengi wanaangushwa na hilo la mwisho, wakati kazi yenyewe wanaijua.

Kisha soko, na hapa una nguvu kuliko unavyodhani. Madarasa na zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa "force account", yaani kamati ya shule au ya kijiji inatafuta mafundi yenyewe. Madawati, milango na madirisha yanatengenezwa papo hapo. Ishawishi kamati iweke sharti dogo: fundi anayepata kazi aje na wanagenzi wake wenye mkataba. Hakuna semina inayomvuta fundi kama oda ya madawati mia.

Mwisho, vifaa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 ukarudi 2024, na sababu kubwa ilikuwa vikundi hewa na marejesho mabovu. Wahitimu watatu wanaotaka mashine ya kuchomelea, wenye fundi anayewajua tabia, ni kikundi bora kuliko kile kilichoundwa wiki ya kujaza fomu.

Nataka kujifunza kuchomelea. Kila karakana wananicheka, na mmoja aliniambia atanifundisha nikikubali kuwa "wake". – Binti, Tanga

Mdogo wangu, hiyo ya mwisho ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa la jinai. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, nao wanapokea taarifa hizo. Usirudi pale.

Ya kucheka ina dawa. Usiende peke yako: tafuta msichana mwenzako mwenye nia hiyo hiyo, mpokelewe wawili kwenye karakana moja, kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo, ili awepo mtu wa nje mwenye majina yenu na anayepita kukagua. Uliza mapema kama choo kipo na kama kazi za usiku ni lazima. Na kinga ya uso, glavu na overoli vaa tangu siku ya kwanza, hata wakikuambia fundi wa kweli anachomelea kwa miwani ya jua. Macho yao yakishaharibika hawatakuambia.

Nina miaka sita kwenye jua kali, yaani ufundi wa mtaani, pikipiki naifungua nimefumba macho, lakini cheti sina na kampuni hazinitaki. Lazima nirudi shule? – Fundi, Mombasa

La, si lazima. Nenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda ya Kenya, uulizie mtihani wa ufundi wa serikali, unaoanza Gredi III, kisha II, hadi I. Wanapima kazi yako bila kujali uliijifunzia wapi. Bosi wako akiandika barua ya kuthibitisha miaka uliyofanya kazi, ibebe. Wasomaji wa Tanzania, kwenu njia ni VETA: ulizia urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unakaguliwa kazini, unajaziwa mapengo, unapata cheti. Serikali imekuwa ikiwalipia baadhi ya mafundi kupitia programu ya kukuza ujuzi, kwa hiyo kabla ya kutoa mfukoni uliza ofisi ya vijana ya halmashauri kama awamu mpya imefunguliwa.